Taa ya ABS isiyozimika: boksi ni zima, ila programu hazipatani

ABS ni mfumo unaozuia tairi zisifunge unapokanyaga breki, na boksi lake ni kompyuta na valvu zinazouendesha. Boksi la ABS lililokufa na boksi la ABS lisilopatana na gari huwasha taa ileile ya njano. Ukiwa umekaa kwenye usukani huwezi kuyatofautisha. Ndiyo maana mtu ananunua boksi la mtumba katika soko la vipuri la Kisekka, linafungwa, taa inabaki. Ananunua la pili, taa inabaki. Akifika la tatu fedha zimekwisha, na hakosekani fundi wa kumshauri ang'oe balbu. Nimefungua dashibodi kadhaa hapa Kampala nikakuta balbu haipo, au imebandikwa tepu nyeusi, na kila mara moyo huniuma. Gari hilo linateremka Kanaba kuelekea Kisoro likiwa na watu ndani, na hakuna kati yao anayejua kwamba siku ya mvua tairi zitafunga.

Nitafuata dalili hadi kwenye chanzo. Mwongozo ni wa fundi umeme mwenye skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta za gari, na mita, lakini mwenye gari naye anaweza kuusoma ili ajue analipia nini.

Taa moja au mbili?

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo. Ulichopoteza ni ule msaada wa kuzuia tairi zisifunge. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, angalia kwanza kiwango cha mafuta ya breki na breki ya mkono. Hivyo vikiwa sawa, huenda mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umepotea pia. Hapo tairi za nyuma zinaweza kufunga kabla ya za mbele, na gari likageuka kichwa barabarani. Gari la namna hiyo lisitoke gerejini kwa kuendeshwa. Mwambie mwenyewe waziwazi, hata kama ana safari ya Mbarara jioni hiyo.

Ukiwasha swichi bila kupiga injini, taa ya ABS lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, anza hapo: ama balbu imeng'olewa, ama dashibodi iliyofungwa si ya gari lenye ABS. Usiamini gari lisilo na taa mpaka umeiona ikiwaka.

Kutopatana ni nini

ABS ya kwanza ya Bosch iliyouzwa, mwaka 1978, ilisoma sensa za magurudumu na kuamuru valvu, basi. Haikuwa na shughuli na injini. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ESP, ulipoingia mwaka 1995, mambo yalibadilika. Breki zikawa zinaiomba injini ipunguze nguvu, zikataka kujua usukani umekatwa kiasi gani. Leo hii dashibodi nayo mara nyingi huchukua mwendo wa gari kutoka kwa ABS, na giaboksi ya otomatiki hufanya vivyo hivyo. Maneno yote hayo hupita kwenye waya mbili zilizosokotwa pamoja, mtandao wa CAN.

Ndani ya boksi moja kuna mambo manne yanayoweza kutofautiana na gari. Kuna maunzi, yaani saketi na valvu zenyewe. Kuna programu iliyoandikwa kiwandani, yenye namba na toleo lake. Kuna kodingi, mpangilio unaoiambia programu imo ndani ya gari gani: injini ipi, gia za mkono au otomatiki, magurudumu mawili au manne yanayovuta, tairi za ukubwa gani. Mwisho kuna vipimo vya sifuri, ambavyo boksi hujifunza likiwa ndani ya gari husika: hapa ni bapa, hapa usukani umenyooka. Maboksi mawili yanaweza kufanana umbo, plagi na hata stika kwa mbali, yakatofautiana katika jambo moja tu kati ya hayo.

Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, yanayopita mipaka ya Malaba na Busia yana kompyuta nyingi kuliko tuliyoyazoea. Kazi hii itaongezeka.

Umeme kwanza, programu baadaye

Nisingependa ufungue ukurasa wa kodingi kabla ya kupima umeme. Boksi lenye njaa ya umeme husema uongo mwingi, na uongo wenyewe unafanana sana na kutopatana kwa programu.

Betri iliyopumzika isome volti 12.4 au zaidi. Injini ikiunguruma, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Boksi la ABS kwa kawaida lina fyuzi mbili kubwa, mara nyingi za ampea 30 hadi 50, moja ya mota ya pampu na nyingine ya valvu, pamoja na fyuzi ndogo ya swichi. Fyuzi kubwa ikiungua na ndogo ikabaki, boksi litaongea na skana vizuri kabisa huku likilalamikia mota au valvu. Usipime waya hizo kwa mita peke yake, maana waya uliobaki uzi mmoja bado utakuonyesha volti 12. Chomeka balbu ya wati 21 kati ya waya wa umeme na athi (waya hasi) ya plagi ya boksi. Balbu ing'ae sawasawa na ikiwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye betri. Ikififia, umeshapata ugonjwa, na hujatumia shilingi moja.

Kwenye mtandao, chomoa betri, subiri kompyuta zilale, kisha pima kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye soketi ya skana. Ohm 60 hivi ni sawa. Ukipata 120, kimoja kati ya vizuizi (rezista) viwili vya mwisho wa mtandao hakifikiwi, au waya umekatika. Ukikaribia sifuri, waya mbili zimegusana. Ila kumbuka: katika baadhi ya magari kizuizi kimoja kimo ndani ya boksi la ABS lenyewe, kwa hiyo ukipima boksi likiwa mezani, 120 haina kosa.

Halafu chomoa plagi ya boksi uitazame kwa taa. Kwenye sehemu za kuoshea magari vijana hupiga maji ya presha ndani ya boneti, na boksi la ABS liko palepale, chini kidogo, likipokea. Magari yaliyopita kwenye mafuriko ya Bwaise nayo ninayachungulia hapo kwanza. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, safisha, kausha, rekebisha, na usome upya kabla ya kumshauri mtu anunue chochote.

Soma nani analalamika, na anamlalamikia nani

Skana isome kompyuta zote, si injini peke yake. Andika misimbo yote ya makosa kabla ya kufuta hata mmoja.

Misimbo ya mtandao huanza na U, na namba inayofuata ina maana kubwa. Ya U01 inasema mwenzangu yuko kimya: U0121 ni kompyuta fulani kusema haimsikii ABS. Ya U03 inasema programu zetu hazipatani: U0315 inamtaja ABS, U0301 inaitaja injini, na U0300 ni boksi linalolalamikia programu iliyo ndani yake lenyewe. Ya U04 inasema namsikia, ila anachosema hakifai: U0415 ni data batili kutoka kwa ABS.

Watu hufanya haraka na U0415. Wanaiona kwenye injini, wanasema programu ya ABS imeharibika. Lakini boksi zima kabisa, likipoteza sensa ya gurudumu moja, linaweza kutangaza kwamba mwendo linaoutuma hauaminiki, na injini ikaandika U0415 kwa uaminifu. Ukikuta U0415 kwenye injini na msimbo wa sensa, ule wa kuanzia na C, ndani ya ABS, tibu sensa kwanza. Kutopatana kwa kweli kunaonekana pale ABS yenyewe haina malalamiko ya sensa wala umeme, na bado wengine wanakataa maneno yake.

Volkswagen na ndugu zake wana namba zao za zamani zinazosema wazi: 01042 ni kompyuta haijakodiwa, 01044 ni kompyuta imekodiwa vibaya. Ukikuta hizo kwenye anwani ya 03, ambayo ni ya ABS, usiendelee kutafuta waya.

Taa iliwaka, au ilibaki, baada ya boksi kubadilishwa

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na hapa ndipo ninapotaka utulie.

Swali la kwanza si la skana. Ni hili: boksi la zamani liko wapi? Boksi la zamani, hata likiwa limekufa, lina stika yenye namba za spea, na mara nyingi kumbukumbu yake bado inasomeka. Ndiyo hati ya gari. Tatizo ni kwamba muuzaji akimwambia mteja "niachie la zamani nikupunguzie", mteja huliacha.

Mzee mmoja dereva alinijia kutoka Tororo na gari dogo la Ulaya, gia za mkono. Taa ya ABS ilikuwa imewaka mvua za mwezi wa nne, akabadilishiwa boksi katika gereji fulani, taa ikabaki.

"Fundi, wamenitafutia waya wiki nzima," akaniambia. "Wanasema kompyuta ya giaboksi haisikiki."

"Gari lako lina kompyuta ya giaboksi, mzee?"

Akacheka, akashika mti wa gia. "Labda ni mkono wangu huu."

Msimbo ulikuwa U0101, yaani ABS haimsikii bwana wa giaboksi. Waliotangulia walikuwa wameufuata waya wa kompyuta ambayo gari hilo halijawahi kuwa nayo. Boksi lilitoka kwenye gari la otomatiki, kodingi yake ikiwa bado ya otomatiki. Hii ndiyo alama bora ya kutopatana ninayoijua: boksi linamtafuta ndugu ambaye hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Likitafuta sensa ya usukani kwenye gari lisilo na ESP, likitafuta sensa ya kuyumba, ile inayopima gari linavyogeuka, likitafuta difu ya nyuma kwenye gari linalovutwa na magurudumu mawili ya mbele, acha waya. Soma kodingi.

Nilimwomba mzee ampigie muuzaji. Kwa bahati boksi la zamani lilikuwa bado rafuni. Lilipokuja, tulilifunga tukasafisha plagi iliyokuwa na kutu ya kijani, taa ikazima. Boksi la mwanzo halikuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulikuwa maji ndani ya plagi, na mzee alikuwa amelipa boksi, wiki ya waya, na nauli za kwenda na kurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomoa boksi lolote, fungua ukurasa wa utambulisho wa kompyuta kwenye skana na uandike daftarini au uupige picha: namba ya spea, namba ya maunzi, namba na toleo la programu, kodingi, namba ya chasisi iliyohifadhiwa ndani. Kwenye magari yanayofuata kiwango cha ISO 14229, vifaa vinavyosoma anwani moja moja vitapata namba ya chasisi kwenye F190, namba ya spea F187, namba ya programu F188, toleo lake F189 na maunzi F191. Kisha linganisha na la mtumba kabla ya kulipa. Kwenye Toyota, namba ya kompyuta ya breki mara nyingi huanza na 89541, na tarakimu tano za baada ya kistari zina uzito kuliko hizo za mwanzo. Muuzaji atakuambia tarakimu za mwisho hazina neno. Zina neno.

Namba ya chasisi ina mtego wake hapa kwetu. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya herufi 17 kama la Ulaya. Lina namba fupi ya fremu, kama zile zinazoanza na ZGE20 kwa Wish. Skana inayojaribu kulitambua gari yenyewe hukwama, au huchagua gari la soko jingine na kusoma data kwa ramani isiyo yake. Utaona namba za ajabu, kisha utamshtaki ABS. Ingia kwa mkono, chagua soko la Japani, modeli na mwaka, ndipo usome.

Namba za spea na maunzi zikiwa sawa na kodingi tu ndiyo tofauti, kazi ni ndogo: andika kodingi ya boksi la zamani kwenye jipya. La zamani likiwa limekufa, fundi wa saketi anaweza kusoma chipu yake ya kumbukumbu na kuihamishia kwenye lenye maunzi yaleyale. Maunzi yakitofautiana, usihamishe kumbukumbu, kwa sababu data hiyo inahesabu valvu na mota za boksi jingine. Rudisha boksi ulikolinunua.

Na kama boksi la asili limekufa kweli, fikiria kulitengeneza kabla ya kulibadilisha. Katika aina nyingi kinachokufa ni viungo vya risasi vya mota ya pampu, vinavyopasuka kwa mtikisiko na joto. Vikiunganishwa upya na mtu mwenye mkono mzuri, boksi linarudi na programu yake, kodingi yake na namba yake ya chasisi, na suala la kutopatana halizuki.

Boksi halikuguswa, taa ikawaka

Uliza siku. Taa iliwaka lini, na siku hiyo au wiki hiyo gari lilifanyiwa nini? Injini iliyobadilishwa pamoja na kompyuta yake, giaboksi iliyotoka kwenye nusu ya mbele ya gari lililokatwa, dashibodi iliyobadilishwa kwa sababu ya kioo kupasuka: chochote kati ya hivyo huleta mgeni kwenye mtandao, na ABS ndiye anayelalamika ingawa yeye ndiye mwenyeji. Linganisha namba za programu za kila kompyuta na kile gari lilichozaliwa nacho. Kompyuta ya injini hutoa kitambulisho cha kalibresheni, yaani namba ya programu yake, hata kwenye skana ya bei rahisi, kwenye ukurasa wa taarifa za gari, hali ya 09 (mode 09).

Sababu nyingine ni betri. Gari lililowashwa kwa waya za betri la lori lenye volti 24, au lililogeuziwa nyaya, linaweza kupoteza kodingi. Na wapo wanaobadilisha ukubwa wa tairi kwa ajili ya barabara za udongo, hasa mbele tofauti na nyuma. Hilo halihitaji programu yoyote: tairi nne ziwe za ukubwa mmoja, na zilizochakaa zisichanganywe na mpya.

Mwendo kwenye dashibodi si wa kweli

Weka simu yenye GPS, msaidizi aishike, na usome mwendo kwenye skana kwa magurudumu yote manne. Barabara ya mzunguko wa kaskazini alfajiri inatosha. Linganisha kwenye 40, 60 na 80.

Gurudumu moja likisema tofauti na wenzake, hiyo ni sensa, pete yake ya meno inayozunguka na gurudumu, au upepo wa tairi. Yote manne yakikosea kwa kiwango kilekile katika kila mwendo, boksi linahesabu kwa namba za gari jingine. Chukulia boksi linategemea pete ya meno 48 na gari lina ya meno 44: ukienda 60 kweli, boksi litasema 55. Ukienda 80 litasema 73 na kidogo. Uwiano haubadiliki. Sensa mbovu haikosei kwa nidhamu namna hiyo.

Dalili za pembeni za kosa hili ni giaboksi ya otomatiki kubadilisha gia kwa kishindo au kuchelewa. Nimeona watu wakiandaliwa kufunguliwa giaboksi nzima kwa sababu hii. Pima mwendo kwanza.

Ukihisi kanyagio likitetemeka unaposimama polepole kwenye lami kavu, chini ya kilomita 10 kwa saa, usifikirie programu. Mara nyingi ni pete iliyopasuka au kutu chini ya sensa.

Valvu ya gurudumu lisilo lake

Hili linanitisha kuliko yote, na halina msimbo wowote.

Boksi na kizimba cha valvu, kile chuma yanamoingia mabomba ya breki, vikitoka kwenye gari jingine, huenda bomba la mbele kushoto likaingia mahali ambapo programu inajua kuwa ni nyuma kulia. Sensa zote zitasoma vizuri. Taa itazima. Mteja atalipa na kushukuru. Siku tairi ya mbele kushoto itakapofunga kwenye mvua ya msitu wa Mabira, boksi litalegeza breki ya gurudumu jingine, lenye mshiko mzuri.

Kipimo chake hakichukui muda. Inua gari, magurudumu yote yawe hewani juu ya stendi imara, gia huru. Msaidizi akanyage breki kwa nguvu. Wewe, kwenye skana, fungua ukurasa wa kuamuru vifaa na uamuru valvu ya gurudumu moja ilegeze. Msaidizi mwingine ajaribu kuzungusha gurudumu hilohilo kwa mkono. Lazima lilegee lilelile uliloliamuru, na mengine yabaki yamefunga. Fanya kwa yote manne. Baada ya kubadilisha boksi au kizimba, mimi siachi gari liondoke bila kipimo hiki, na nakusihi nawe usiache, hata kama mteja amesimama mlangoni na funguo mkononi.

Boksi lilinyamaza katikati ya kuandikiwa

Kama skana bado inapata jina la boksi lakini haipati data, programu iliandikwa nusu. Boksi limebaki kwenye ile programu ndogo ya kuamkia, linasubiri uendelee. Usilitupe. Mara nyingi hupona ukianza upya kwa faili sahihi na umeme uliotulia.

Umeme uliotulia kwetu una maana yake. Chaja peke yake haitoshi, kwa sababu umeme wa mtaa ukikatika, volti inaporomoka katikati ya kazi. Unganisha betri ya pili nzima sambamba na ya gari, kisha chaja juu yake, ukilenga volti 13 hadi 13.5. Umeme ukikatika, betri mbili zitakuvusha. Zima taa kubwa, feni ya kabini na redio, funga milango ili taa za ndani zisiwake. Laptopu iwe imejaa chaji. Kama kazi inapitia intaneti, hakikisha bando halitakwisha, na simu unayoitumia kugawa mtandao isipigiwe.

Faili itoke kwa mtengenezaji au kwenye boksi la gari hilohilo. Mafaili yanayozungushwa kati ya mafundi kwenye simu, yasiyo na namba ya programu wala ya maunzi, sitayaandika kwenye breki za mtu.

Misimbo inayofanana na kutopatana

Toyota ikikupa C1210 au C1336 baada ya betri au boksi kuchomolewa, inakuambia kipimo cha sifuri cha sensa ya kuyumba au ya mchapuko (kasi inavyoongezeka au kupungua) hakijafanywa. Programu iko sawa. Fanya kalibresheni kwa skana: gari limesimama, usukani umenyooka, hakuna anayepanda wala kushuka. Uwanja lazima uwe bapa, na Kampala ni mji wa vilima. Ukifanyia kwenye mteremko wa gereji, boksi litajifunza kwamba mteremko ndio ubapa, na taa itarudi kwenye kona ya kwanza. Mimi huenda kwenye kituo cha mafuta nilichokipima kwa pimamaji, asubuhi kabla ya msongamano.

Kabla ya kumkabidhi mteja

Futa misimbo, zima swichi, subiri dakika moja, washa tena. Taa ikizima, bado hujamaliza. Maboksi mengi hupima pampu na sensa gari likishaanza kutembea, na utasikia mlio mfupi chini ya boneti. Endesha mpaka uvuke kilomita 30 kwa saa, simama, rudia mara tatu ukizima na kuwasha injini kati ya safari. Halafu tafuta barabara ya udongo isiyo na watu, fika 30, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia. Kanyagio litapiga mapigo ya haraka mguuni, na gari litasimama likiwa limenyooka. Shuka utazame alama za tairi kwenye udongo: mistari mirefu ya kuburuza ina maana gurudumu hilo lilifunga.

Rudi gerejini, soma kompyuta zote tena. Misimbo ikiwa haipo, piga picha ukurasa wa utambulisho wa kila kompyuta na umtumie mwenye gari, aihifadhi kwenye simu pamoja na picha ya kadi ya gari. Boksi la zamani mpe mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki mkavu, na umwambie asimwachie mtu.